Mbeya hadi Guangzhou: moja kwa moja, Addis au Dubai?

Spea_Mwanjelwa: Habari za jioni wakuu. Mwezi wa kumi nakwenda Guangzhou kufuata vipuri vya bodaboda, mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Wakala kanipa njia tatu: moja kwa moja kutoka Dar, kupitia Addis Ababa, au Dubai. Ipi fupi kweli?

Mzee_wa_Ramani: Nimekupigia hesabu ya angani. Dar hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, na ndege ya moja kwa moja ya Air Tanzania inakula saa kumi na kitu. Kupitia Addis zinafika 9,800 hivi. Dubai nayo 9,800! Tofauti ni vipande tu: Addis ni 1,800 halafu 8,000, Dubai ni 4,000 halafu 5,800. Kwa hiyo kati ya hizo mbili usihangaike na kilomita, muulize wakala utasubiri saa ngapi njiani.

Mama_Vitenge: Mimi napita Addis kwa sababu ya usingizi. Kile kipande kirefu nalala mpaka basi. Dubai unaamshwa katikati ya safari. Ila ya moja kwa moja ikiangukia siku yako, panda hiyo, maana hairuki kila siku.

Na mwanangu, soma tarehe vizuri. Tiketi ikisema 00:40 tarehe 12, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 12. Tarehe 11 usiku uwe uwanjani tayari. Nimewahi kumwona kijana analia kaunta, sanduku kalifunga kamba vizuri kabisa, kumbe ndege yake iliondoka jana yake.

Kijana_wa_Tukuyu: Mnasahau Mbeya–Dar, na hapo ndipo mimi niliumia. Basi ni kilomita zaidi ya 800, saa 12 mpaka 14 njia ikiwa nzuri. Siku yangu lori lilianguka Kitonga, tukakaa mlimani tangu mchana mpaka giza. Nafika stendi ya Mbezi, Dar, ndege imeshapaa, na hela haikurudi. Kwa ndege kutoka Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, ni saa moja na nusu hivi, lakini ukungu ukishuka nayo inachelewa. Kwa vyovyote, lala Dar usiku mmoja.

Mama_Vitenge: Kweli kabisa. Tena omba Songwe–Dar iwe kwenye tiketi hiyo hiyo moja. Ikichelewa, shirika la ndege linakutafutia ndege nyingine. Ukikata mbili mbali mbali, hasara ni yako.

Mzee_wa_Ramani: China wako mbele yetu saa tano. Ukiruka Dar saa nne asubuhi, baada ya saa kumi huku ni saa mbili usiku, kule ni saa saba usiku. Chumba cha usiku huo kilipie ungali Mbeya.

Spea_Mwanjelwa: Asanteni sana. Nilikuwa nimeshapanga kupanda basi siku ile ile ya ndege! Kesho narudi kwa wakala, naanza na hilo la tiketi moja. Ya moja kwa moja ikikataa tarehe, naenda na Addis.