Kukodi kipande cha mboga: ya kansili, ya mzee jirani au bondeni?

MamaNakati, Jinja
Habari zenu ndugu. Natafuta kipande cha kulima mboga za majani, nakati na dodo, kabla mvua za mwezi wa tatu hazijaanza. Nimepata sehemu tatu. Ya taun kansili, futi 50 kwa 100, elfu 80 kwa mwaka, taka na maji unalipa kando. Ya mzee jirani, nusu eka, laki moja kwa msimu. Halafu kuna ya bondeni elfu 30 tu, maji yenyewe yako pale pale. Pesa ni ya kukopa kwenye kikundi, ikipotea sina pa kuficha uso, nisaidieni.

MpandaMahindi, Busia
Bondeni achana nako dada. Katiba ya Uganda ya 1995 imesema vinamasi vinashikwa na serikali kwa niaba ya wananchi, sasa huyo anayekukodisha anakodisha nini? Siku watu wa NEMA, mamlaka ya mazingira, wakija kuwatoa, elfu 30 yako utamdai nani.

Kaka wa Arua
Mimi nililima ya kansili misimu mitatu, si huko Jinja, na bei haikunisumbua hata kidogo, kilichonisumbua ni mkusanyaji, alikuwa anachukua pesa mkononi anaandika kwenye daftari lake mwenyewe, akahamishwa, akaja mwingine hajui daftari wala nini nikalipa mara ya pili na mahindi yakiwa yameshafika kiunoni. Iliniuma sana. Usitoe pesa mkononi, wakupe namba ya malipo ulipe benki au kwa simu. Na jambo lingine, uliza mwaka wao unaanza lini!! Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 mwezi wa saba, ukilipa mwezi wa tatu unaweza kukuta umenunua miezi minne.

MamaNakati, Jinja
Uwii, hilo la mwezi wa saba halikunijia kabisa. Asante kaka.

Mzee wa Kibanja, Wakiso
Wanangu msichanganye na busuulu. Busuulu ni kodi ya mwenye kibanja, yaani anayekaa kwa kudumu kwenye ardhi ya mailo ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, ile iliyowekwa elfu 50 kwa mwaka mjini Kampala na elfu 5 vijijini, na inakulinda usifukuzwe ovyo. Mpangaji wa msimu hana ulinzi huo, ana makubaliano yake tu. Ndiyo maana wenye ardhi wanakukataza kupanda matooke, hata muhogo, zao likikaa zaidi ya mwaka wanaogopa utang'ang'ania.

DadaWaMbali, Uingereza
Huku kansili zinakodisha vipande hivi tangu zamani, sheria yao kubwa ni ya 1908. Kipande kamili ni kama mita 250 za mraba, yaani zaidi kidogo ya nusu ya 50 kwa 100 yenu. Unalipa kwa mwaka, maji wengine wanaongeza kando, wazee sehemu nyingi wanapunguziwa. Lakini ninachopenda mimi si bei, kansili ikitaka ardhi yake kwa kawaida lazima ikupe notisi ya miezi 12, na tarehe imewekwa isiangukie katikati ya msimu, kwa hiyo unachotia jasho unakivuna. MamaNakati waulize kansili yako notisi ni ya muda gani, na iandikwe.

MpandaMahindi, Busia
Tupige hesabu basi. Nusu eka ni ploti nne na kitu za 50 kwa 100. Kwa kansili hizo nne ni elfu 320 kwa mwaka bado taka na maji, kwa mzee misimu miwili ni laki mbili. Kama unataka ploti moja tu kansili ndiyo rahisi. Lakini dodo ndani ya mwezi mmoja unauza, nakati miezi miwili hivi unakata na inachipua tena, mimi ningeenda kwa mzee msimu mmoja kwanza nione soko.

MamaNakati, Jinja
Nimeelewa. Kesho naenda kansili kuuliza notisi na mwezi wa kuanza, wakishindwa kuniandikia narudi kwa mzee.

Mzee wa Kibanja, Wakiso
Na kwa mzee pia muandikiane mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mtaje hadi lini, na watoto wake wakubwa waweke sahihi. Mzee akifariki katikati ya msimu, hao ndio utakaoongea nao.

MamaNakati, Jinja
Sawa mzee wangu, ana vijana wawili, nitawaomba waje wote.