Leza ya mawe ya mkojo: ureta inaunguaje?

mwanathieta
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ana jiwe la milimita 9 juu kwenye ureta (mrija wa mkojo kutoka figo hadi kibofu), amepangiwa kuvunjiwa kwa leza ya holmiumu. Kuna wanaosema wati 40 hazina shida mradi ncha ya faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwale) isiguse ukuta wa mrija. Ni sahihi?

DktMafigo
Si sahihi. Mwale wa holmiumu hunywewa na maji upesi, hupenya nyama kiasi cha milimita 0.4 tu. Hatari kubwa ni maji yanayozunguka jiwe kuchemka. Piga hesabu: wati × 14.3 ÷ mililita za maji ya kusafishia yanayopitishwa kwa dakika = nyuzi joto zinazoweza kuongezeka. Wati 40 kwa mililita 20 ni karibu nyuzi 29. Maji ya chumvi yakiingia na nyuzi 22, yanafika 51.

Sasa linganisha na nyama: kwenye nyuzi 43 huhimili dakika 120, na kila nyuzi moja ikiongezeka muda huo hupungua nusu. Kwenye 50 haifiki hata dakika moja. Kovu na mrija kuziba huja baadaye.

Ndani ya ureta anza na jouli 0.5 (nguvu ya kila mpigo) × hezi 10 (mipigo kwa sekunde), yaani wati 5, na usivuke wati 10. Kanyaga pedali kwa sekunde chache, achia, maji yapite. Maji yakisimama, leza nayo isimame.

mwanathieta
Basi tupandishe drip juu zaidi maji yaje kwa kasi?

fundi_kamera
Taratibu hapo. Presha ndani ya figo ikipita sentimita 40 za maji, mkojo wenye vijidudu unasukumwa kwenye damu, mgonjwa anatetemeka kwa homa usiku huohuo. Punguza wati kwanza. Mkojo uoteshwe maabara kabla, na maambukizi yatibiwe kwanza.

Jambo jingine: ncha ya faiba ionekane wazi mbele ya kamera kabla ya kukanyaga pedali. Leza ikifyatuka faiba ikiwa bado ndani ya kamera, kamera imekufa. Waya wa kuongozea vifaa ndani ya mrija nao hukatika ukipigwa.

DktMafigo
Naongezea: jiwe lililogandamana na ukuta kwa wiki nyingi lina uvimbe tayari, hapo kovu hutokea hata kwa wati ndogo. Lipasue kuanzia katikati, ganda la mwisho litoke lenyewe. Na piga ultrasaundi baada ya miezi mitatu hata kama mgonjwa hana maumivu. Figo inaweza kuvimba kimyakimya nyuma ya mrija ulioziba.