Bei za nyumba zikiporomoka, mpangaji ashangilie?

Wakuu, kuna Mtanzania mwenzangu kazini hapa Marekani, kila mchana anaomba bei za nyumba zianguke kama 2008 ili naye anunue. Jana tumebishana mpaka chai ikapoa. Nawaletea.

Pigeni hesabu. Nyumba ya dola 200,000; umeweka kianzio 10,000, zilizobaki ni za benki. Bei ikishuka asilimia 20, nyumba inakuwa 160,000 na deni bado ni 190,000. Kianzio kimekwenda, na hata ukiuza unabaki na deni la 30,000. Jirani aliyemaliza mkopo amepoteza 40,000 za kwenye karatasi. Analala, anasubiri bei ipande. Wewe ukipunguzwa kazini, umekwisha.

Kati ya 2005 na 2009, kwa hesabu za Pew Research Center, taasisi ya utafiti ya hapa Marekani, mali ya kaya ya Kizungu iliyo katikati, ukitoa madeni, ilipungua asilimia 16. Ya Weusi 53. Ya Walatino 66! Msiniambie ni tamaa tu ya kukopa. Mwaka 2011 Countrywide, kampuni ya mikopo ya nyumba, ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza kesi ya serikali iliyodai Weusi na Walatino walitozwa zaidi ya Wazungu wenye sifa zilezile.

Na huyu jamaa yangu anadhani bei zikishuka benki itamsubiri mlangoni. Thubutu. Baada ya 2008 benki zilibana mikopo, kisha kuanzia 2012 kampuni kubwa ya uwekezaji, Blackstone, ikaja na pesa yake, ikanunua nyumba kwa maelfu na kuzipangisha. Wapangaji wengi walibadilishiwa mwenye nyumba tu.

Mchangiaji: Mkuu, unawatetea wenye nyumba. Mimi nilinunua 2011 kwa bei ya kutupa. Bila lile anguko ningekuwa napanga hadi leo. Serikali ikizuia bei zisishuke, vijana wataingia lini?

Mleta mada: 2011 ulikuwa na kazi ya kudumu na akiba? Basi wewe hukuwa yule ninayemsema.

Mchangiaji: Akiba nilikuwa nayo, sikatai. Ya miaka sita ya zamu za usiku.

Mwingine: Ndiyo maana nyumbani tunajenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwakani tofali, bati Mungu akijalia. Bei ishuke isishuke, hakuna wa kunitoa. Ila nimepanga miaka kumi na minne nikisubiri hilo bati, na kodi hainirudii.