Vanila kwenye shamba la mikarafuu, kuna aliyeijaribu Pemba?

kijana_wa_wete: Asalaam aleikum. Mie na wenzangu wawili tumemaliza skuli hatuna ajira, tuna shamba la urithi huku Wete, mikarafuu ya babu, mingine ishazeeka, mwaka mmoja neema mwaka wa pili hata pishi hupati. Tumesema tutie vanila, tena tukaushe wenyewe iwe ya daraja la juu, sio kuuza mbichi. Baba hataki kusikia, anasema Pemba ni karafuu tu. Aliyeilima anambie ukweli, kazi yake ikoje?

shamba_la_ole: Waalaikum salaam yakhe. Vanila ni mtambaa, ukitia rando (kipande chake cha kupanda) leo, ua mpaka kama mwaka wa tatu, kwa hiyo mikarafuu msiiguse, ndio itakayowalisheni mkisubiri. Na msiipandishe kwenye mkarafuu unaochumwa, mizizi ya vanila iko juu juu kwenye majani yaliyooza, wachumaji wakiingia tu basi wataikanyaga yote. Tafuteni kivuli cha nusu. Kazi yenyewe sasa ni ua, linafunguka alfajiri na mchana lishanyauka, na huku kwetu hamna mdudu wa kulichavusha. Mie nachonga kijiti cha chelewa, nalichana kidogo, mle ndani kuna kingozi chembamba kimetenganisha dume na jike, nakiinua kwa kijiti nabana na kidole gumba, ishapita hiyo, naenda jengine. Ukiamka saa 5 umelikosa. Njia hii kaigundua mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, mtumwa kule kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, na mpaka leo dunia nzima inafuata mkono wake. Kila nkishika kijiti namkumbuka.

mama_mkoani: Wanangu, vanila inaharibiwa na pupa. Ganda linataka kama miezi 9 juu ya mti, subirini ncha ianze umanjano. Watu huchuma changa kwa kuogopa wezi, halafu haina harufu. Ukichuma, chovya maji ya moto nyuzi 65 hivi, dakika 3, yasichemke, funga kwenye blanketi ilale itoe jasho, asubuhi utaikuta ishageuka rangi ya chokoleti. Kisha juani masaa machache kila siku na kufungwa tena, wiki kadhaa, halafu kivulini, halafu kwenye sanduku miezi. Kilo 5 au 6 mbichi zinatoa moja kavu.

mpemba_darajani: Baba yenu msimlaumu. Karafuu unapeleka ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na bei unaijua, vanila mnunuzi unamtafuta mwenyewe. Madagascar ndio wakubwa wa zao hili, 2018 kilo ilipita dola 500 na baadae ikaporomoka vibaya. Anzeni na mashina machache.

kijana_wa_wete: Ahsanteni sana wallahi. Nimemsomea baba maneno ya mama wa Mkoani hapo juu, kakaa kimya, mwisho kasema tuchukue kule kwenye mishokishoki, mikarafuu tusiisogelee. Mama, hilo blanketi liwe la sufu au hata la pamba linafaa?