Mwaka 2015: ni tukio gani lipewe nafasi ya katikati?

Mwalimu wa Ujiji
Ndugu zangu, heshima kwenu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaandaa gazeti la ukutani juu ya mwaka 2015, ambapo wengi wao walikuwa hawajaanza darasa la kwanza. Wao wanataka uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba, uliomwingiza Dkt. John Magufuli Ikulu, pamoja na tuzo za MTV za Ulaya alizoshinda Diamond Platnumz, ambaye asili yake ni huku kwetu. Ninyi mliokuwa watu wazima wakati ule, mngeweka nini katikati?

Mkazi wa Kibirizi
Mwalimu, kwa aliyeishi Kigoma mwaka ule, jambo la kwanza ni Kagunga. Baada ya Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, kuteuliwa mwezi Aprili kugombea muhula wa tatu na machafuko kuzuka Bujumbura, maelfu ya Warundi walivuka mpaka na kujazana katika kijiji hicho kilichobanwa kati ya milima na ziwa, ambacho wakati huo hakikufikika kwa gari, na mwezi Mei kipindupindu kikawakuta hapo hapo. Aliyewatoa ni MV Liemba, meli iliyoshushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, ikiwa imetimiza miaka 100. Kagunga haikuwa na gati wakati huo. Meli ilitia nanga mbali na ufuko, watu wakasogezwa kwa mitumbwi, kina mama wamebeba watoto mgongoni. Mjini walipumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Wakati huo nilikuwa nikiuza dagaa, na niliwaona majirani zangu wakipeleka uji na vitenge bila kuagizwa na mtu. Kiha na Kirundi ni ndugu, hivyo hatukuhitaji mkalimani.

Msomaji wa Tabora
Shikamoo mzee wangu. Nakubali Kagunga ikae katikati, lakini naomba vijana wasinyimwe chaguo lao, kwa kuwa uchaguzi na hizo tuzo za MTV, zilizotolewa Milan, viliangukia siku moja: mchana tulipanga foleni kumchagua Magufuli au Edward Lowassa, aliyekuwa ameihama CCM mwezi Julai, na usiku Diamond akatangazwa mshindi. Wasimsahau pia Mbwana Samatta, aliyefunga katika mechi zote mbili za fainali TP Mazembe ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwezi Novemba.

Mwalimu wa Ujiji
Nawashukuru sana. Kagunga na Liemba zitakaa katikati, na hiyo siku ya tarehe 25 Oktoba itapata safu yake pembeni. Mzee, ukiridhia, wanafunzi wanne waje Jumamosi wakuandike maneno yako.

Mkazi wa Kibirizi
Waje, Mwalimu. Nitamwita na jirani yangu mmoja aliyekuwa na mtumbwi kule Kagunga, maana yeye aliyaona mengi kuliko mimi.