Wauza samaki, acheni kutuuzia bunju kama samaki wa maji baridi!

Wakuu, leo sina salamu ndefu, nimekuja na hasira zangu kuhusu bunju, yule samaki anayevimba akitishwa, anavyouzwa kama wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Kila wiki swali ni lile lile: "Jamani bunju wangu hali, kalala tu chini, tatizo nini?" Ukimuuliza maji yake yana chumvi kiasi gani anashangaa. "Chumvi ya nini tena? Muuzaji kaniambia ni wa maji baridi." Hapo tayari unajua kinachofuata. Atakuja mwenye kumwambia aweke dawa ya ukungu, mwingine atasema abadilishe maji yote, na baada ya muda mwenye swali anarudi kutuambia samaki amekufa.

Namzungumzia bunju wa madoa, yule mwenye mgongo wa kijani na madoa meusi ya mviringo. Kitaalamu ni Dichotomyctere nigroviridis, ila wengi bado wanamwita kwa jina la zamani, Tetraodon nigroviridis. Huyu ni samaki wa midomo ya mito na mikoko ya Asia, kule maji ya mto na ya bahari yanapokutana. Akiwa mdogo anavumilia maji baridi kwa muda, na uongo wa wauzaji umejificha hapo hapo: mtoto wa sentimita tatu anaonekana mzima dukani, mteja anaondoka anafurahi, samaki anaanza kudhoofika akiwa kwake. Lawama anabeba mteja. Na huyo mtoto anakua mpaka sentimita 15, anaweza kuishi miaka zaidi ya kumi. Nani aliwahi kuambiwa hayo wakati analipa?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huyu si samaki asiyejulikana. Wanasayansi walichapisha jinomu yake mwaka 2004! Vinasaba vyake vimesomwa, lakini mtu anayemuuza kila siku hajui anaishi maji gani. Au anajua na kanyamaza, maana mteja akisikia habari za chumvi na vipimo ataondoka na samaki mwingine.

Sasa tuje kwa washauri wa mtandaoni, maana na nyie mna lenu. "Weka kijiko kimoja cha chumvi ya jikoni, atapona." Hebu tupige hesabu. Kijiko kikubwa kina gramu 18 hivi. Tangi la lita 60 ukilitia hicho kijiko umepata gramu 0.3 kwa lita. Bunju mdogo wa madoa anahitaji uzito wa maji usiopungua 1.005 kwenye hidromita (kifaa cha kupima uzito wa maji ya chumvi ukilinganisha na maji matupu), ambao ni takribani gramu 8 kwa kila lita. Kwa tangi hilo hilo ni karibu nusu kilo ya chumvi! Na akikua unampandisha polepole mpaka 1.015 na kuendelea, kuelekea maji ya bahari yenyewe, ambayo ni kama 1.025. Kijiko chako hicho hata hidromita haikioni.

Tena si chumvi ya jikoni. Inatakiwa chumvi ya bahari ya akwariamu, ile yenye kalsiamu, magnesiamu na kabonati, kwa sababu ndiyo inayoshikilia pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, pale juu, kwenye 8 hivi. Chumvi ya mezani inakupa ladha tu.

Na msisome hapa mkakimbilia kumwaga nusu kilo kwa mkupuo. Bakteria wa kwenye filta, wale wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa nitraiti kisha nitreti, hawapendi mshtuko. Chumvi ikiruka ghafla wanakufa, amonia inapanda, na kwenye pH ya 8 amonia ni kali kuliko kwenye maji yaliyotulia kwenye 7 au chini yake. Unaongeza kidogo kidogo kila unapobadilisha maji, pointi 0.002 kwa wiki inatosha. Chumvi ikorogewe kwenye ndoo pembeni, isimwagwe juu ya samaki. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipai na mvuke, imebaki humo humo. Hili peke yake limewachanganya watu wengi: wanajaziliza maji ya chumvi kila mara halafu wanashangaa kipimo kinapanda.

Nina mmoja kwangu sasa hivi. Nimepewa na jirani ambaye aliuziwa kwa maneno yale yale ya "maji baridi, anakula chakula chochote". Tumbo lililotakiwa kuwa jeupe pee lilikuwa la kijivu kilichokolea, dalili ya samaki mwenye msongo. Ila kilichonikata maini ni mdomo. Nilimdondoshea konokono mdogo. Akamfuata, akamzunguka, jicho moja likimtazama konokono na jingine likinitazama mimi, akamgonga, akamwachia. Akarudia. Meno yalikuwa yamechomoza nje yakapishana, mdomo haufunguki vya kutosha kushika kitu. Samaki ana njaa, chakula kiko mbele yake, hawezi kukila!

Bunju ana meno manne yaliyoungana kuwa mdomo mgumu wa kuvunjia magamba ya konokono na kaa, na meno hayo hayaachi kukua. Ukimlisha vidonge na minyoo laini tu, hakuna kinachoyasaga. Anayewauzia watu bunju pamoja na kopo la chakula cha vipande anamuuzia samaki njaa ya pole pole. Apewe konokono, vipande vya kaa na maganda yake, vitu vya kuvunja. Kamba na kome wasiwe chakula cha kila siku, kwa sababu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Meno yakishazidi, ni kumlaza kwa mafuta ya karafuu na kuyakata kwa mkasi mdogo, kazi ya mtu aliyewahi kuifanya. Ukizidisha hayo mafuta haamki. Huyu wangu alikatwa na mtu mzoefu na sasa anakula, lakini angekuwa na konokono tangu mwanzo tusingefika huko.

Halafu kuna wale wanaomchokoza avimbe ili wateja waone. Wanamnyanyua na neti juu ya maji, watu wanacheka, simu zinarekodi. Bunju anavimba kwa sababu anadhani anauawa! Akivimbia nje ya maji anajaza hewa, na hewa hiyo anaweza kushindwa kuitoa, akabaki anaelea tumbo juu. Anahamishwa kwa chombo chenye maji, hatolewi hewani. Ukimwona muuzaji anafanya mchezo huo, usinunue kitu kwake, hata konokono.

Sisemi kila bunju anataka chumvi, kabla hamjanirukia. Yule kibunju mdogo kabisa wa Kerala, India, wa sentimita mbili na nusu, ni wa maji baridi maisha yake yote. Tetraodon mbu wa bonde la Kongo na Ziwa Tanganyika naye ni wa maji baridi, ila huyo anapita sentimita 60, sasa tangi gani la sebuleni? Ndiyo maana nasema muuzaji alazimike kuandika jina kamili kwenye tangi. "Bunju" peke yake haitoshi, aina zenyewe haziishi maji mamoja.

Wauzaji mliomo humu, naomba jibu moja tu: kwa nini hamuweki kibao chenye jina la aina, kipimo cha chumvi, na ukubwa atakaofikia? Karatasi na kalamu. Na kwa nini mnamchanganya na samaki wenye mapezi marefu halafu mnasema "ana hasira huyu"? Bunju anang'ata mapezi, ndivyo alivyo. Mwenye tangi la mchanganyiko angeambiwa ukweli asingemchukua.

Najua atakuja mtu na "mbona wangu yuko maji baridi na mzima kabisa". Karibu mkuu, ila uje na picha ya tumbo, picha ya meno kwa karibu, na majibu ya vipimo vya amonia na nitraiti vya wiki hii. Bila hivyo usinijibu.