Tupeane uzoefu: bima ya afya ilikufikisha wapi siku ulipoihitaji?

Karani, Kisumu (aliyeanzisha mada)
Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii hapa Kenya, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, tumebishana sana kuhusu asilimia 2.75 inayokatwa kwenye mishahara, lakini ni wachache wanaosimulia yaliyowakuta dirishani wakati wa kulipa. Naomba kila mmoja aeleze ya kwake bila kutaja hospitali wala mhudumu. Naanza mimi. Mamangu alilazwa siku nne kwa sababu ya nimonia. Kitanda kililipiwa na bima, ila sindano aliyoandikiwa haikuwepo, kwa hivyo nilipewa karatasi nikainunue nje, asubuhi na jioni. Nilipojumlisha risiti zile, zilizidi mchango wangu wa miezi miwili.

Mchuuzi wa omena, Kibuye
Ndugu karani, wewe unakatwa kabla pesa hazijakufikia mkononi. Mimi nauza omena kwa gorogoro. Zamani nililipa shilingi 500 kila mwezi, na mwezi mbaya niliuruka nikijua kwamba adhabu inaningoja. Siku hizi kwanza unaulizwa maswali: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, una ng'ombe wangapi. Majibu yangu yalizaa shilingi 610 kwa mwezi, kwa sababu naishi katika nyumba ya matofali. Hakuna swali lililouliza kwamba matofali hayo aliyapanga marehemu mume wangu, na kwamba tangu alipofariki sijaongeza hata moja. Hata hiyo 610 si neno. Neno ni kwamba sisi tusio na mshahara tunatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, nami sijawahi kulala na shilingi 7,320 ambazo hazijapangiwa kazi. Nilisubiri zamu yangu ya chama hadi Juni ndipo nikalipa. Kuanzia Januari hadi siku hiyo nilikuwa nikiomba tu watoto wasiugue.

Mlezi wa mgonjwa, Nakuru
Mume wangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Bima ya awali ililipa shilingi 9,500 kwa kila awamu na sasa kiwango ni 10,650, na kwa hilo nashukuru, maana bila bima tungekuwa tumeshauza shamba. Gharama inayotumaliza ni ile isiyoandikwa popote: matatu kwenda na kurudi kwa watu wawili, kwa sababu akitoka kwenye mashine hawezi kusafiri peke yake, pamoja na siku zangu mbili za kazi kila wiki. Nilikuwa nafua nguo katika nyumba tano. Nimebaki na mbili.

Mzee, Mumias
Nyinyi vijana mnadhani mambo haya yameanza juzi. Desemba 1989 tulianza kulipa ada hospitalini, na kufikia Septemba 1990 ada ya kumwona daktari ilikuwa imesimamishwa, kwani watu walikuwa wameacha kwenda. Mwaka 2004 ikawa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya. Juni 2013 hata hizo zikafutwa. Desemba 2018 Kisumu yenu ikachaguliwa pamoja na Nyeri, Machakos na Isiolo kufanyia majaribio matibabu ya bure. Mke wangu alikuwa na dada yake huko, akaenda kukaa kwake miezi mitatu kwa ajili ya goti. Kila mpango nimeukuta nikiwa na kadi ya ule uliopita.

Mhudumu wa zahanati, Vihiga
Mama wa Kibuye, yako ndiyo yamenigusa zaidi, hasa hiyo miezi ya kuomba watoto wasiugue, kwa kuwa haikuwa lazima. Zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, ambao fedha zake hutoka serikalini wala si kwenye michango yenu. Kinachotakiwa ni usajili peke yake. Mchango uliolipwa huulizwa unapolazwa au unapopewa rufaa ya kwenda juu. Kwetu hapa naona akina mama wengi wakipita mlangoni na mtoto mwenye homa, wanapanda bodaboda hadi hospitali kubwa, kisha huko wanaambiwa walipe. Nakiri kwamba kuna siku wanafika kwangu nami nina panadoli tu.

Mchuuzi wa omena, Kibuye
Asante, mwanangu. Watoto nao wanasajiliwa kila mmoja peke yake, au jina langu linatosha?

Mhudumu wa zahanati, Vihiga
Waandikishe chini ya jina lako kama wategemezi, mama. Beba kitambulisho chako na vyeti vyao vya kuzaliwa, na uende kabla mmoja hajaugua, kwa sababu kuandikisha mtoto anayelia foleni ikiwa ndefu ni kazi ya siku nzima.

Mchuuzi wa omena, Kibuye
Cha mdogo kilinyeshewa. Nitaanza na hicho.